Funga Kwanza, Ndipo Ufungue

Neno rejeta wengi wetu tulilijua barabarani kabla ya kulijua nyumbani. Aliyewahi kusafiri kwa basi kutoka Morogoro kwenda Iringa anaukumbuka mlima wa Kitonga, na anakumbuka jinsi basi linavyopanda kwa kunguruma mpaka dereva analisogeza kando, boneti inafunguliwa na mvuke unapaa. Abiria mwenye pupa humwambia utingo aongeze maji safari iendelee. Utingo hutikisa kichwa tu. Anajua kwamba kifuniko cha rejeta yenye moto kikifunguliwa, maji yanayochemka humrukia mfunguaji usoni. Hukaa juu ya jiwe akasubiri. Baadaye huchukua tambara, hukizungusha kifuniko kidogo, husikiliza, kisha hukizungusha tena.

Katika nchi za baridi rejeta imo ndani ya nyumba. Ni sanduku bapa la chuma lililotundikwa ukutani, aghalabu chini ya dirisha, nalo limejaa maji. Maji hayo hupashwa moto na boila, husukumwa na pampu katika mabomba membamba, huingia rejeta kwa upande mmoja, huacha joto lake chumbani, na hutoka kwa upande wa pili kurudi kwenye boila kutafuta joto jingine. Maji ni yale yale, mwaka hata mwaka. Kwa hakika rejeta ya basi na ya nyumbani hufanya kazi moja, ya kuyapokonya maji joto na kulitoa hewani. Tofauti yao ni kwamba mwenye basi anataka joto hilo limwondokee, na mwenye nyumba anataka limkalie.

Hapa Uingereza nako mambo hayakuwa hivyo tangu zamani. Mpaka miaka ya 1960 nyumba nyingi zilipashwa moto kwa makaa ya mawe katika meko ya sebuleni, na vyumba vya kulala vilibaki na baridi yake. Mwezi wa Desemba 1952 mji wa London ulifunikwa na ukungu wa moshi kwa siku 5, na maelfu ya watu wakafa. Mwaka 1956 Bunge lilipitisha sheria ya hewa safi. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1960 gesi ya Bahari ya Kaskazini ikaanza kufika majumbani, meko nyingi zikazibwa, na rejeta zikatundikwa mahali pake. Wazee wetu waliohamia huku katika miaka ile walizikuta nyumba zikiwa katikati ya mabadiliko hayo, na wengi wao walijifunza rejeta pamoja na wenyeji wao.

Rejeta ikiugua, ugonjwa wake hupimwa kwa kiganja. Gusa juu, kisha gusa chini. Ikiwa juu ni baridi na chini ni moto, rejeta ina hewa, na dawa yake ni kulegeza skrubu ndogo iliyo pembeni juu kwa ufunguo wake, hewa itoke kwa mluzi, maji yafuate. Hilo ni jambo la dakika mbili. Lakini ikiwa juu inaunguza na chini ni baridi, basi ina tope.

Tope hilo halikuingia kutoka nje. Ni chuma cha rejeta yenyewe. Maji yaliyofungiwa humaliza upesi oksijeni iliyomo ndani yake, na chuma kinapoliwa na maji yasiyo na oksijeni hakifanyi ile kutu nyekundu tunayoijua kwenye mabati. Hufanya unga laini mweusi uitwao magnetaiti, ambao hata sumaku huunasa. Unga huo ni mzito. Huzama, hujikusanya chini, na mwisho huyafungia njia maji ya moto. Katika kuliwa huko hutoka pia gesi ya haidrojeni. Ndiyo maana rejeta isiyovuja popote huweza kukusanya gesi bila hewa yoyote kuingia kutoka nje, na ndiyo maana anayeitoa gesi hiyo hatakiwi kuwa na sigara mdomoni.

Dawa ya tope ni kuitoa rejeta ukutani, kuipeleka nje na kuisukutua kwa mpira wa maji. Lakini kabla ya kuitoa ni lazima kwanza uyatoe maji yaliyomo, na shida yote iko hapo, kwa sababu maji hayo ni meusi kama wino. Wahenga waliosema kwamba maji yakimwagika hayazoleki walikuwa na maji masafi akilini. Haya hayazoleki wala hayafutiki. Tone moja likinywewa na zulia, litabaki hapo kuwasalimu wageni miaka yote.

Kazi hii nilipata kuifanya majira ya baridi moja mjini Leeds, katika nyumba ya matofali ya Bi Mkubwa mmoja mwenyeji wa Unguja, jirani yangu. Mumewe alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Chumbani kwake palikuwa na rejeta moja tu, nayo ilikuwa na joto kiasi cha shubiri moja juu, na chini ilikuwa kama jiwe la kisimani. Goti lake la kushoto lilikuwa halikunjiki asubuhi mpaka lipate joto, na sala ya alfajiri alikuwa akiisali kitini, huku blanketi limemfunika mabega. Chini palitandazwa zulia la rangi ya maziwa, chumba kizima, ambalo marehemu alilinunua mwaka wake wa mwisho kazini. Hakuna aliyelikanyaga kwa viatu. Fundi mmoja alikuwa amefika kulitazama jambo hilo, na Bi Mkubwa alipomwuliza kama zulia litasalimika, fundi akasema hawezi kuahidi. Akamshukuru, akamtoa mlangoni.

Alikuwa na wana wawili, watu wazima wenye wake na watoto, na wawili hao walikuwa hawasemi. Chanzo kilikuwa nyumba ya baba yao iliyoko Mji Mkongwe. Mkubwa alitaka iuzwe kabla haijaanguka. Mdogo hakutaka hata kusikia ikitajiwa bei. Tangu hitima ya baba yao walikuwa wakimtembelea mama kwa zamu, mmoja Jumamosi na mwingine Jumapili, na salamu zao zilipitia kwake. Kila mmoja aliigusa ile rejeta, akasikitika, na akadhani mwenzake ataishughulikia.

Bi Mkubwa akaniita mimi, maana alijua kwamba ujanani nilipata kumshikia taa fundi bomba mmoja kwa muda mrefu, na ujuzi kidogo ukanibaki. Nilimweleza kwamba kazi inataka watu wawili, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Akanitazama kidogo, akasema, "Basi mtakuwa watatu." Sikuuliza watatu hao ni nani.

Walikuja Jumamosi, kila mmoja kwa gari lake. Kila mmoja alimsalimu mama yake, akanisalimu mimi, akavua viatu. Boila tulikwisha kuizima tangu alfajiri, kwa kuwa maji ya rejeta huweza kufika nyuzi 60 au 70, na hakuna sababu ya kumwaga maji meusi yanayounguza wakati unaweza kuyangoja yapoe. Hata hivyo chuma kilikuwa bado na uvuguvugu. Bi Mkubwa akaleta chai ya maziwa na vitumbua. Tukanywa watatu katika chumba kimoja, na mazungumzo yote yalipita kwangu.

Kisha tukatengeneza sakafu. Watu wengi hutandika gazeti wakaona yametosha. Gazeti hunywa maji na kuyapitisha. Chini kabisa tulitandaza nailoni nene, kipande kimoja kisicho na tundu, tukakipandisha ukutani na kukibana kwa gundi ya karatasi ili maji yatakayoteremka kwenye ukuta yasijipenyeze nyuma yake. Juu ya nailoni tukaweka mataulo makuukuu, na juu ya mataulo trei za kuokea. Beseni haliwezi kufika, kwa sababu kutoka kwenye nati ya rejeta hadi sakafuni ni nafasi ya vidole vichache tu. Trei ya jikoni huingia hapo kwa urahisi. Beseni na ndoo tukaviweka kando, trei ikijaa imwagiwe humo.

Baada ya sakafu ni kufunga. Rejeta ina vali mbili, moja kila upande, na zote mbili ni lazima zifungwe, kwa maana ukifunga moja tu, maji ya nyumba nzima yatakuja kwa ile nyingine. Vali ya kwanza huonekana, ina kishikio cha kuzungusha kwa mkono. Siku hizi nyingi zina kichwa chenye tarakimu, ambacho hujifungua na kujifunga chenyewe kwa kufuata joto la chumba. Hiki ni cha kuangaliwa sana. Kukiweka penye alama ya theluji si kukifunga, kwa sababu chumba kikipoa mno hujifungua ili mabomba yasigande. Ni lazima kifungwe kabisa, ikibidi kwa kifuniko maalumu cha kukandamiza pini yake. Vali ya pili imejificha chini ya kofia ya plastiki, nayo hufungwa kwa spana. Hii, kabla ya kuifunga, huhesabiwa. Mdogo aliizungusha akihesabu kwa sauti, mizunguko miwili na robo, na kaka yake, bila kuambiwa, akaandika pembeni mwa gazeti: 2 na robo.

Hesabu hiyo ina sababu. Vali ya pili ndiyo inayoipimia kila rejeta fungu lake la maji ya moto. Ukiirudisha wazi kuliko ilivyokuwa, rejeta iliyo karibu na pampu itajitwalia zaidi ya haki yake, na chumba cha mwisho kitakaa na baridi, na hakuna atakayejua kwa nini.

Wengi wakifika hapa hukimbilia nati. Kuna jaribio moja linalotangulia. Legeza ile skrubu ya hewa ya juu, ukiwa umeifunika kwa tambara. Maji yatatoka kwa nguvu kidogo, kwa kuwa yalikuwa yamebanwa, kisha yatanyamaza. Yakinyamaza, vali zote mbili zinashika. Yakiendelea kutoka bila kukoma, vali moja inapitisha, na hapo kaza skrubu yako, kunja nailoni yako, mwite fundi. Rejeta ile ilitema kijiko kimoja cha maji meusi kwenye tambara, ikanyamaza. Tukaikaza tena.

Ndipo tukaja kwenye nati inayoiunganisha rejeta na vali. Hapa panatakiwa spana mbili. Ya kwanza huishika vali isizunguke, na ya pili huilegeza nati. Mwenye kutumia spana moja huizungusha vali pamoja na nati na kulipinda bomba, na bomba likipasuka chini ya vali, maji yanayokuja hayana wa kuyafunga. Tuliilegeza nati nusu mzunguko. Likatoka tone moja, likaning'inia, likakataa kuanguka.

Anayejua kufungua kopo la maziwa hatashangaa. Kopo likitobolewa tundu moja maziwa hayatoki vizuri, na mama zetu walitoboa mawili, moja la maziwa na moja la hewa. Hewa ina uzito, jambo ambalo Evangelista Torricelli wa Italia alilionyesha kwa zebaki katika mwaka 1643, na uzito huo ndio unaoyashikilia maji ndani mpaka yapate hewa ya kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo aliyeko juu kwenye skrubu ya hewa ndiye mwenye amri juu ya maji yanayotoka chini. Akifungua, yanamiminika. Akifunga, yanasita. Siri yote ya kuyatoa maji ya rejeta bila kuchafua nyumba iko katika skrubu hiyo ndogo, na watu wengi huisahau, wakapambana na nati iliyolegea huku maji yamewajaa mikononi.

Mkubwa alikuwa juu, ameshika ufunguo. Mdogo alikuwa chini, amelala kifudifudi, shavu lake karibu na sakafu, anaitazama trei. Mimi kazi yangu ilikuwa kubadili trei. Mkubwa akafungua, maji yakaanza kuteremka, meusi, mazito kidogo, na harufu ya chuma. Aliyeko juu haoni trei. Aliyeko chini hafikii skrubu. Trei ikafika nusu, ikapita nusu, na mdogo akawa kimya. Nilikuwa naweza kusema mimi, lakini nikauma ulimi. Maji yalipobakiza upana wa kidole, akasema, "Funga."

Kaka yake akafunga.

Nikaondoa trei, nikaingiza nyingine. "Fungua." Akafungua. "Funga." Akafunga. Tukaendelea hivyo, na kwa muda nyumba nzima haikuwa na maneno mengine ila hayo mawili. Mara ya tano tulipoilegeza nati zaidi, maji yakaja kwa kasi ambayo hatukuitazamia, na mdogo akapaza sauti, "Kaka, funga! Funga!" Ikafungwa. Bi Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na tasbihi yake mkononi. Niliona kidole chake kimesimama juu ya punje. Kisha kikaendelea.

Yalitoka maji ya zaidi ya nusu ndoo. Tuliyamwaga chooni, si katika mfereji wa maji ya mvua ulioko uani, kwa sababu maji hayo huwa na dawa ya kuzuia kutu, na mfereji wa mvua mara nyingi huishia mtoni. Hata rejeta ikionekana imekauka, maji kidogo na tope lote bado vimo ndani. Kwa hiyo tulilegeza nati ya upande wa pili, tukaziba midomo yote kwa matambara na mifuko ya nailoni, tukaifunga kwa uzi, na rejeta ikanyanyuliwa kutoka kwenye vishikizo vyake ikiwa imesimama vile vile ilivyotundikwa. Mwenye kuilaza njiani humwaga ukumbini kile alichokihifadhi chumbani.

Ndugu wawili wakaibeba, mmoja mbele na mmoja nyuma, wakateremka ngazi polepole kwa hatua moja. Kitu cha mwisho walichokuwa wamebeba pamoja kilikuwa jeneza la baba yao. Hakuna aliyelisema hilo.

Uani tuliisukutua, tukiigonga kwa nyundo ya mpira. Maji yalitoka meusi, yakawa ya kijivu, yakawa meupe. Tukairudisha ukutani, tukakaza nati kwa spana mbili, tukafungua vali ya pili kwa hesabu iliyoandikwa kwenye gazeti, tukafungua ya kwanza, tukatoa hewa, tukaongeza maji mpaka kipimo cha boila kikasimama kati ya 1 na 1.5, na tukatia dawa mpya ya kuzuia kutu. Boila ikawashwa. Baada ya robo saa Bi Mkubwa akainama, akaweka kiganja chini kabisa, akakiacha hapo. Nailoni ilipokunjwa, zulia lilikuwa kama lilivyokuwa.

Nisingependa msomaji adhani kwamba siku ile waliafikiana. Habari ya nyumba ya Mji Mkongwe haikuguswa, na ugomvi wao uliendelea muda mrefu. Ila wiki iliyofuata mkubwa alimpigia mdogo simu kumwuliza kama rejeta ya sebuleni nayo ina tope, na hilo lilikuwa jambo jipya.

Mimi nimebaki na fikira moja. Tumezoea kusifu njia mbili za kuyaendea mambo machungu ya ndani ya jamaa. Kuna wanaosema yasitajwe kamwe, na kuna wanaosema yatolewe yote kwa mara moja ili moyo upumue. Njia ya kwanza ndiyo inayoikusanya magnetaiti. Nyumba haivuji, hakuna doa popote, na joto linapungua kidogo kidogo mpaka mama anasali na blanketi mabegani. Njia ya pili hulijaza zulia wino, na baada ya hapo watu hukumbuka zulia, hawakumbuki rejeta. Rejeta yenyewe inaonyesha njia iliyo kati ya hizo. Jambo moja litengwe na mengine kwa kufungwa pande zote mbili. Lijaribiwe kwanza kwa tone. Vyombo viwe tayari kabla ya maji. Kisha lifunguliwe kwa kiasi ambacho aliyeko chini anaweza kukipokea, na aliyeko juu akubali kuambiwa funga.

Tena yale meusi yanayotoka si uchafu wa mtu baki. Ni chuma cha jamaa yenyewe, kilichokuwa kikiliwa gizani wakati kila mtu anaona ukuta uko salama. Asiyelijua hilo hutafuta nani aliyeleta uchafu, na hampati.

Basi miezi ya baridi inapokaribia, usingoje mpaka kiungo cha mtu kikakataa kukunjika. Pita chumba hadi chumba na kiganja chako. Rejeta nyingi zina joto pale juu ambapo mkono hupita. Wewe inama, uguse chini.